Mwaka Tulipoacha Kujibu "Tunasikia"

Ilianza Jumapili, saa nne na nusu asubuhi, pale mchungaji alipoigonga maiki kwa kidole, akasogeza mdomo na kuuliza: "Huko nyuma mnanisikia?" Kanisa zima likajibu, "Tunasikiaaa!" Bibi yangu naye alijibu, tena kwa nguvu, shingo kainyoosha, blanketi lake la mistari limemteleza begani. Halafu akaniinamia sikioni, akaniuliza, "Amesema nini?"

Sasa nina miaka kumi na tisa na wakati ule nilikuwa na kumi na sita, kwa hiyo sijifanyi mzee wa kusimulia mambo ya zamani. Lakini mwezi uliopita tulimzika Mama Sigala, kiongozi wa wanawake kanisani kwetu, kijijini kwao Kifanya, na tangu siku ile mwaka ule haunitoki. Msibani walikodi spika mbili kubwa wakazisimamisha kando ya jeneza. Sisi tuliokuwa nyuma ya turubai tunaosha sahani tulisikia mngurumo tu, kama lori linapanda mlima. Wasifu wake ukasomwa wote. Msomaji alipomaliza akauliza, "Jamani, tumesikilizana?" Watu wakaitika, "Ndiyooo." Nikasimama na sufuria mkononi, povu linanichuruzika hadi kwenye viwiko, nikasema moyoni: mwenyewe angekuwa hai, angesimama sasa hivi. Angemwambia yule kaka, "Usituulize kama tumesikia. Tuulize umesema nini." Nikalia hapohapo juu ya sufuria, na dada niliyekuwa naosha naye akadhani nalia kama watu wanavyolia msibani. Hakujua kwamba nusu yake nilikuwa nacheka.

Zile spika za Jumapili ile alizichagua Mzee Mligo, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Alikuwa mfanyabiashara wa mbao, mtu mpole, mwenye koti refu la kijivu ambalo nadhani alilivua akienda kulala tu. Mbao za paa la kanisa letu pale Njombe zilitoka kwake, na ilionekana ni haki yake kuchagua na sauti itakayopita chini ya paa hilo. Alikwenda Makambako mwenyewe, akarudi na spika mbili zenye kimo cha mtoto wa darasa la pili, kila moja ina duara la taa linalowaka bluu, kisha nyekundu, kisha kijani. Zikawekwa mbele, moja upande huu wa madhabahu na nyingine upande ule. Alizijaribu Jumamosi, kanisa tupu, akinamama wa usafi wakiwa wanadeki. Akaweka wimbo wa kwaya, akatembea hadi mlangoni, akasikia kila kitu, akarudi akitabasamu. Siwezi kumlaumu. Kila mtu angezipenda. Watoto walikuwa wanakuja mapema wakae karibu na zile taa.

Tatizo lilikuwa Jumapili, tukishajaa. Kwetu wanaume hukaa kulia na wanawake kushoto, na bibi zetu pamoja na mama wenye watoto wachanga hukaa kushoto nyuma kabisa, karibu na mlango, ili mtoto akilia atolewe. Ilikuwa Julai. Mtu ambaye hajawahi kuamka Njombe mwezi wa saba, ukungu umekaa barabarani kama umenunua kiwanja, hawezi kuelewa tunavyovaa kwenda ibadani: sweta, juu yake koti, juu yake kitenge, na kwa wazee juu ya vyote hivyo blanketi. Sauti ikitoka kwenye zile spika iliwapiga wa mbele kifuani mpaka wengine wanaziba masikio. Ikifika katikati imeshamezwa na makoti. Iliyobaki inapita juu ya vichwa vyetu, inagonga ukuta wa nyuma, inarudi kukutana na inayokuja, maneno yanagongana. Bibi alisema ni kama watu wawili wanaogombana chumba cha pili: unajua wamekasirika, hujui kwa nini.

Lakini mchungaji akiuliza, tunajibu. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu mkubwa akikuuliza mbele ya watu kama unamsikia, unamwambia ndiyo. Kumwambia hapana ni kama kumwambia hajui kuongea. Kwa hiyo wote tulikuwa tunaitika, wanaosikia na wasiosikia, na wasiosikia ndio walioitika kwa sauti zaidi, labda kwa aibu.

Baada ya ibada tulikula jikoni kwa Bibi. Hakupenda kula sebuleni, alisema sebule ni ya wageni na ya picha. Jikoni kulikuwa na moshi wa kuni za miwati, kuta nyeusi zinang'aa, vigoda viwili, na dirisha dogo ambalo kuku mmoja aliligeuza kuwa mlango wake. Tulikula viazi vya kuchemsha na maharage, au ugali na mboga ya maboga iliyoungwa kwa karanga, na chai ya maziwa juu yake. Bibi akishakunywa funda la kwanza anasema, "Haya." Hilo "haya" maana yake ni nihubiri. Mimi ambaye shuleni nilikuwa nikiitwa kusoma kwa sauti nanong'ona mpaka mwalimu anamwita mwingine, pale jikoni nilimweleza Bibi mahubiri yote, somo, tangazo la ndoa, nani kaumwa, nani kahamia usharika gani, vyote nimevikusanya kwa kuwauliza wenzangu waliokaa mbele. Jioni nilikuwa naandika kwenye daftari langu mambo yangu mengine. Yale ya kanisani sikuwa nayaandika, nilikuwa nimeshayamaliza kwa Bibi. Alikuwa msikilizaji mzuri ajabu. Alikuwa anauliza. "Hapo alimaanisha nini?" "Na huyo mwana mpotevu, mama yake alikuwa wapi?"

Jumapili ile hakusema "haya." Aliiweka bilauri chini, akaniangalia. "Twilumba," akasema, "mwezi wa kumi na moja unapata kipaimara."

"Ndiyo, Bibi."

"Mtasimamishwa mbele muulizwe maswali."

"Ndiyo." Nilikuwa najitahidi kutolifikiria hilo.

"Siku hiyo sitaki kuhadithiwa. Nimehadithiwa vya kutosha. Nataka nikusikie mwenyewe, kwa masikio yangu haya, nikiwa nimekaa pale pale ninapokaa. Nikishindwa kukusikia wewe, basi mimi kanisani nimeshamaliza, nitabaki hapa na redio yangu." Hakuwa amekasirika. Alikuwa anasema kama mtu anavyosema kesho atapalilia. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Nikamwambia ahamie mbele siku hiyo. Akacheka. "Niwaache wenzangu? Halafu wao wakusikieje?"

Mama Sigala alikuwa hafanani na mimi hata kidogo. Alikuwa na ghala la viazi karibu na stendi, alikuwa na Fuso lake, alikuwa na sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Aliongoza umoja wa wanawake usharikani na alikaa mbele na kwaya, kwa hiyo spika zilikuwa zinampasua masikio lakini maneno alikuwa anayapata. Alikuja kwa Bibi Jumatano kuchukua mbegu za maboga. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda namenya viazi. Yeye na Bibi wakasalimiana kamwene zao, ndefu, wakaulizana habari za ng'ombe na magoti. Bibi akatoka kufuata mbegu, nikabaki naye. Mpaka leo sijui nilipata wapi ujasiri. Nilikuwa natazama kiazi, nikasema, "Mama, nyuma hatusikii."

"Unasemaje? Ongea, mwanangu, mimi siyo panya."

"Kanisani. Huku nyuma. Hatusikii."

"Si mlijibu mnasikia?"

"Tunajibu tu."

Alinisogelea. "Na Bibi yako?"

"Bibi naye. Namhadithia nikirudi."

"Tangu lini?"

Nikamwambia hata kabla ya zile spika, kulipokuwa na kipaza sauti kimoja cha zamani kinachopiga filimbi, ilikuwa hivyohivyo. Alielewa. Bibi aliporudi na mbegu akakuta mgeni wake ameshika kiuno. "Kumbe nyinyi mabibi ni waongo," Mama Sigala akamwambia, "tena ndani ya nyumba ya Mungu." Bibi akaniangalia mimi, nikaangalia kiazi. "Mtoto kasema," Bibi akasema. "Haya, bora kasema yeye. Mimi nimeshindwa miaka yote."

Jumapili iliyofuata niliwasikia Mama Sigala na Mzee Mligo nyuma ya kanisa, mnadani, wakati sadaka za mazao zinanadiwa na watu wanapandisha bei ya jogoo. Nilikuwa nimeshika kapu la mayai ya Bibi.

"Mama, watu wenyewe wamejibu wanasikia," Mzee Mligo alisema. "Mara tatu wameulizwa."

"Mzee, wewe ukimuuliza mkweo kama chakula kimemtosha, anakwambia nini?"

"Kimenitosha."

"Hata kama sahani ilikuwa tupu?"

Mzee Mligo akakuna kidevu. Jogoo akauzwa. "Lakini ni spika kubwa kabisa pale dukani," akasema polepole. "Hakuna kubwa kuliko zile." Na nilimsikia kwenye sauti yake kwamba ameumia. Alikuwa ametoa zawadi yake kwa moyo, halafu mtu anakuja kumwambia zawadi haisikiki.

Wakakubaliana zirudishwe zikabadilishwe, na Mama Sigala akasema mimi niende nao. Mzee Mligo akauliza, mtoto wa kazi gani? "Wa kusoma," akamjibu. "Ukijaribu spika kwa sauti yako au yangu, hata debe litafaa. Tunachukua sauti ndogo kuliko zote usharikani. Ikimfikisha huyu, itamfikisha kila mtu." Nilitaka kufa. Usiku nilimwambia Bibi naumwa tumbo, akanipa chai ya tangawizi akaniambia nivae sweta nene, Makambako kuna upepo.

Kuna upepo kweli. Tulifika na Fuso, spika zimefungwa mablanketi nyuma juu ya magunia, na tulipofungua mlango upepo ulitaka kuondoka na kofia ya Mzee Mligo. Duka lilikuwa barabara kuu ya malori, refu na jembamba kama korido, majokofu upande mmoja, redio na luninga upande mwingine, na nyuma kabisa stoo iliyojaa maboksi. Mwenye duka alikuwa Mkinga, mtani wetu sisi Wabena, Bwana Sanga, mnene, mcheshi, amevaa kandambili na soksi. Alipoona spika zake zinashushwa akaweka mkono kifuani.

"Wabena jamani! Mnarudisha vitu kama mmeoa mkakuta hajui kupika!"

"Na nyinyi Wakinga," Mama Sigala akasema, "mnatuoza bila kutuambia ni kiziwi."

"Mzee mwenyewe alisema anataka kubwa. Mimi nilimuuliza, ukumbi ukoje? Akaniambia, nipe kubwa."

Mzee Mligo akawa anatazama jokofu.

Bwana Sanga alikuwa na hasira za utani tu, nadhani alijua zile kubwa angeziuza wiki hiyohiyo kwa watu wa muziki wa harusi. Akatoa nyingine: nyembamba, ndefu, nyeupe, hazina taa, zinafanana na kipande cha bomba la mvua. Nne. Akaeleza kwamba hizi hazikai mbele. Zinatundikwa ukutani, mbili kila upande, zinainamishwa kidogo ziwatazame watu, na zinasema taratibu. "Kanisa ni kama chakula," alisema. "Usiweke sufuria moja mbele uwarushie wa nyuma. Mpelekee kila mtu sahani yake." Mzee Mligo hakuziamini. "Hizi?" akasema. "Hizi ni za hospitali." Akaomba ziwekewe wimbo wa kwaya kwanza. Zikaimba, vizuri, lakini bila ule mtikisiko wa kifuani. Akatikisa kichwa.

"Sikuja kununua ngoma," Mama Sigala akasema. "Mpe mtoto maiki."

Nikapewa. Ilikuwa nzito, baridi. Mlangoni walikuwa wamekaa makuli wawili na dereva wa lori anayekula muhogo, wote wakageuka. "Soma," Mama Sigala akaniambia, akaanza kutembea kuelekea stoo. Nisome nini? Sikuwa na kitabu. Nikatazama huku na huku, macho yakaangukia karatasi iliyobandikwa juu ya kaunta, nikaisoma, kwa sauti yangu ile ya kuomba radhi: "Ndugu mteja, bidhaa ikishanunuliwa hairudishwi wala haibadilishwi."

Makuli walicheka mpaka mmoja akajishika mbavu. Bwana Sanga akapiga makofi, "Mungu amesema kwa kinywa cha mtoto!" Mimi uso uliwaka, lakini kutoka kule stoo, nyuma ya maboksi, sauti ya Mama Sigala ikaja: "Nimesikia vizuri, na sikubali! Soma tena!" Nikasoma tena. Akaenda nyuma ya majokofu. "Soma!" Akatoka nje hadi kwenye lori. "Soma!" Kila alipofika hakusema "nasikia." Alirudia maneno yenyewe, neno kwa neno, kama mwanafunzi. Halafu wakawasha zile kubwa, nikasoma tangazo lilelile, na kutoka stoo akapiga kelele, "Hapa nimepata 'mteja' na 'dishwi'! Mteja kadishwi nini?" Hata Mzee Mligo akacheka. Sijawahi kusoma kitu mara nyingi vile maishani. Mwishoni mwishoni dereva wa muhogo alikuwa anasoma pamoja nami, na sauti yangu, nikagundua tukiwa tunarudi njiani, ilikuwa imeacha kuomba radhi bila kuniaga.

Zilitundikwa Jumamosi. Bwana Sanga alikuja mwenyewe na ngazi, na Mama Sigala akakataa kanisa lijaribiwe tupu. Aliwaita bibi wote na wanawake wote wa umoja, akawaambia waje na kila wanachovaa Jumapili, mablanketi na watoto. Akawatawanya kila kona. Mimi nikasimama mbele, nikasoma zaburi, na yeye akawa anapita kwenye viti, haulizi kama wamesikia, anamwinamia mmoja mmoja: "Kasema nini?" Kona moja, upande wa wanaume, bibi mmoja alijibu, "Kasema vizuri." Bwana Sanga akapanda ngazi, akainamisha spika ile kidogo zaidi, nikasoma tena, na bibi akataja mchungaji na majani mabichi. Mzee Mligo alisimama katikati ya njia muda mrefu. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akavuka upande wa kushoto, akaenda nyuma kabisa, akaketi kwenye benchi la Bibi, kando yake, na Bibi akampa ncha ya blanketi maana mlango ulikuwa wazi. Akanisikiliza hadi mwisho wa zaburi.

"Siku zote mlikuwa mnakaa hapa hamsikii?" akamuuliza.

"Tulikuwa tunasikia kelele, Mzee," Bibi akasema. "Tulijua mpo."

Alivua kofia yake, akaishika magotini. Nilisikia yote hayo kwa sababu kanisa lilikuwa kimya, na kwa sababu wakati ule nilikuwa nimekuwa mtu wa kusikiliza nyuma.

Siku ya kipaimara gauni langu jeupe lilinibana kwapani na mvua za mwanzo zilikuwa zinatishia. Tulisimama mstari. Swali langu lilikuwa kuhusu ubatizo. Nililijua jibu, nilikuwa nimelisema jikoni mpaka kuku analijua, lakini nilipopewa maiki nikaona bahari ya makoti na nikaanza kwa haraka, nikamaliza kwa haraka, nikairudisha maiki kama inachoma. Mchungaji akauliza, "Kanisa, mmemsikia?" Wakajibu, "Tumemsikiaaa!" Jibu lile lile la siku zote. Nikatazama nyuma kushoto. Bibi alikuwa amekaa wima, uso wake hauniambii kitu.

Nyumbani walijaa wageni, sebule ya picha ikafunguliwa, pilau, kuku, soda, watu wananipa mkono. Sikupata nafasi naye. Nilizunguka na sinia la sahani, namwona anacheka na mabibi wenzake, sithubutu kumuuliza, maana ningemuuliza angenijibu kwa adabu, na jibu la adabu nililijua. Mwishowe nikamfuata jikoni alipokwenda kuongeza kuni. Yeye akapuliza moto, akajifuta macho kwa sababu ya moshi, akasema bila kunigeukia:

"Uliruka kipande."

"Bibi?"

"Pale katikati, baada ya maji. Uliruka kipande kizima, mchungaji kakuonea huruma. Na ulikuwa unakimbia. Nani alikuwa anakufukuza?"

Nilikaa chini kwenye kigoda na gauni langu jeupe, kwenye majivu, nikaanza kulia, na Bibi akanigombeza kuhusu gauni.

Asubuhi yake, Jumatatu, nilivaa sare mapema na badala ya kukata kona ya shule nikaenda moja kwa moja ghalani kwa Mama Sigala. Fuso lilikuwa linanguruma, makuli wanapakia, yeye yuko juu ya mizani anabishana na mtu. Nilimwambia ahsante. Hakusikia. Nikamwambia tena. Akaweka kiganja sikioni, akatikisa kichwa. Basi nikajaza kifua hewa, nikapiga kelele juu ya injini, "Bibi kanisikia! Ahsante, Mama!" Makuli wote wakasimama na magunia mabegani. Mama Sigala alishuka mizanini. "Bibi kakusikia," akarudia, polepole, neno kwa neno. Kisha akanifukuza niende shule. Nilichelewa namba, mahudhurio ya asubuhi, nikadeki darasa peke yangu mpaka mapumziko, na nilideki huku naimba.